Ubuntu inapokataa kupunguza patisheni ya Windows

Malalamiko ninayoletewa zaidi na wanaotaka kuweka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kando ya Windows ni haya: kila kitu kinakwenda sawa hadi hatua ya kugawa diski, kisha programu ya usakinishaji inagoma. Haiwezi kubadili ukubwa wa patisheni, yaani kipande cha diski, basi. Wengi hukimbilia kuandaa flashi upya au kujaribu Linux nyingine. Mara nyingi tatizo haliko huko. Ni kwamba Windows haijazimika.

Najua umeizima, na taa hazionekani. Lakini tangu Windows 8, iliyotoka 2012, kuna Fast Startup: ukibonyeza Shut down, programu zako zinafungwa, ila kiini cha mfumo kinahifadhiwa ndani ya faili la hiberfil.sys ili kesho kompyuta iwake upesi. Ajabu yake, Restart ndiyo inayofunga mfumo kikamilifu kuliko Shut down.

Kupunguza patisheni ni kazi mbili. Kwanza ntfsresize, programu ya Linux ya kubadili ukubwa wa NTFS (mfumo wa faili wa Windows), huhamisha data iliyokaa mwishoni na kufupisha mfumo wa faili, ndipo mpaka wa patisheni husogezwa. Kugeuza utaratibu huo ni kujenga ukuta katikati ya chumba kitanda kikiwa bado kimepita hapo. Sasa Windows iliyolala bado inakumbuka faili zilivyokuwa jana. Ikiamka itaendelea kuandika kwa ramani ya zamani, na hapo picha na nyaraka zinaharibika. Kwa hiyo programu ikikataa, inakulinda. Ukikutana na ushauri wa kuongeza --force ili kuilazimisha, upite tu.

Weka kwanza bakapu. Kisha rudi Windows, fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika powercfg /h off. Amri hiyo huondoa Fast Startup na kufuta hiberfil.sys, faili lenye gigabaiti kadhaa, kwa hiyo unapata na nafasi ya bure. Fuatisha chkdsk C: /f, amri ya kukagua na kurekebisha diski, kubali diski ikaguliwe wakati wa kuwasha, halafu washa upya mara mbili. Hiyo mara mbili si ushirikina wangu: ujumbe wa ntfsresize wenyewe umeandika TWICE kwa herufi kubwa.

Binafsi siiachii kabisa Linux kazi ya kupunguza NTFS. Natumia Disk Management ya Windows, nachagua Shrink Volume, na nafasi inayopatikana naiacha tupu bila kuifomati, Ubuntu itajichukulia. Njia hii inafaa hata pale C ilipofungwa kwa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, jambo la kawaida kwenye laptopu mpya, ambapo ntfsresize haioni NTFS yoyote ya kushughulikia. Ila kabla ya kugusa chochote, hifadhi nje ya kompyuta ile namba ya kurejesha ya BitLocker yenye tarakimu 48.

Windows nayo ina ubahili wake. Unaweza kuwa na GB 200 zilizo wazi, ikakubali kutoa GB 15 tu, kwa sababu kuna faili isizoweza kuzihamisha, kama pagefile.sys (kumbukumbu ya ziada ya Windows kwenye diski) na zile za System Restore (nakala za kurudisha mfumo nyuma). Zizime zote mbili kwa muda, washa upya, jaribu tena.

Kama unachopunguza ni patisheni ya Linux yenyewe, ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, inapungua ikiwa haitumiki na mfumo uliowashwa (unmounted) tu, kwa hiyo washa kwa flashi utumie GParted, programu ya kugawa diski. XFS, mfumo mwingine wa faili, haitapungua humo. Hamisha data, fomati upya.