Johanngeorgenstadt, mji mdogo ambako urani ilianzia

Swali ambalo wataalamu wa jiolojia tunaulizwa mara nyingi kuhusu urani ni kama ina madhara. Ni swali la haki, lakini jibu la maabara peke yake halimtoshi mwananchi. Anayetaka kuelewa urani inaufanyia nini mji, watu wake na ardhi yao, namshauri aisome habari ya Johanngeorgenstadt, mji mdogo wa Ujerumani ulioko ukingoni mwa jimbo la Saksonia. Wakazi wake leo ni takriban 4,000, na ukivuka mto tu umeingia Ucheki. Jiwe lililomwezesha mwanasayansi kuitambua urani lilitoka katika mgodi wa mji huu. Zaidi ya miaka 150 baadaye, madini hayohayo yalisababisha mji wenyewe ubomolewe.

Johanngeorgenstadt umo katika safu ya milima ya Erzgebirge, inayofuata mpaka wa Ujerumani na Ucheki. Nyumba zimepanda mteremko wa mlima Fastenberg, na chini bondeni unapita mto Schwarzwasser. Kilele cha Auersberg, chenye mita 1,019, hakiko mbali. Baridi ya huko ni ndefu, theluji ni nyingi, na udongo ni mwembamba juu ya mwamba. Mkulima hapati cha maana. Kila aliyehamia huko alifuata kilichomo ndani ya ardhi.

Kilichomo kilitokana na graniti. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, uji wa moto ulipanda kutoka chini, ukapoa kabla ya kufika juu, ukawa graniti. Baadaye maji ya moto yaliyobeba madini yalipenya katika nyufa za graniti hiyo na za miamba ya kale iliyoizunguka. Yalipopoa, yaliacha mishipa ya fedha, kobalti, bismuthi, nikeli na urani. Mishipa hii ni myembamba na haitulii: unaweza kuufuata mmoja kwa siku kadhaa ukiwa na upana wa kiganja, kisha ukapotea. Ndiyo maana mlima ule umetobolewa kila upande. Mchimbaji hakuwa na njia ya kujua utajiri umejificha wapi ila kwa kuchimba.

Mji ulianzishwa na wakimbizi. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini kwisha mwaka 1648, watawala wa ukoo wa Habsburg waliwataka Walutheri (Waprotestanti) wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, warudi katika Ukatoliki au waondoke. Wachimbaji wa mji wa Platten, ambao leo unaitwa Horní Blatná, waliondoka. Walivuka mpaka wakaingia Saksonia na kumwomba mtawala wa huko, Johann Georg wa Kwanza, kibali cha kujenga makazi mapya. Kibali kilitoka Februari 1654, naye akataka mji ubebe jina lake. Watu hao walifika na mali chache, lakini walikuja na ujuzi wa kusoma mwamba, na kwa Saksonia ujuzi huo ulikuwa na thamani kuliko mizigo.

Kwa vizazi kadhaa riziki ilikuwa madini ya fedha. Kazi ya kupandisha mawe kutoka kina kirefu ilifanywa na farasi, na mtambo wake umejengwa upya mjini humo miaka ya 1990 ili wageni wauone ukizunguka. Ni jengo la mbao lenye paa la umbo la koni. Ndani yake nguzo nene imesimama wima, na farasi waliofungwa kwenye boriti huizungusha, kwa namna ileile ya ngamia wa Zanzibar kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Juu ya nguzo kuna gurudumu lenye kamba mbili. Farasi wakizunguka upande mmoja, ndoo iliyojaa hupanda huku ile tupu ikishuka. Wakigeuzwa, kazi inakwenda kinyume. Anayeona ndoo moja tu ikipanda ataelewa fedha ya wakati ule iligharimu jasho kiasi gani.

Katika mishipa hiyo wachimbaji walikuta pia jiwe jeusi, zito, lenye mng'ao wa lami. Halikuwa na fedha wala bati, hivyo lilitupwa pamoja na magwangala, yaani mawe taka ya mgodi. Mwaka 1789 mkemia Martin Heinrich Klaproth wa Berlin alichunguza jiwe hilo kutoka mgodi wa Georg Wagsfort wa Johanngeorgenstadt, akatambua kuwa ndani yake kuna elementi isiyojulikana. Aliipa jina kutokana na sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka 8 tu kabla. Alichokipata kilikuwa bado kimeungana na oksijeni. Metali yenyewe ilitenganishwa na Mfaransa Eugène Péligot mwaka 1841. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kazi kubwa ya urani ilikuwa kupaka rangi ya manjano na kijani kwenye vioo na vyombo vya udongo.

Hapa nigusie jambo linalotuhusu sisi wa Tanzania, maana halisemwi vya kutosha. Enzi za utawala wa Wajerumani, mawe ya urani yalipatikana katika milima ya Uluguru, Morogoro, na yakapelekwa Ujerumani. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alitambua kati yake madini mapya, akayaita rutherfordine kwa heshima ya Ernest Rutherford, mtafiti wa mionzi. Morogoro basi imo katika vitabu vya madini ya urani vya dunia nzima tangu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wanafunzi wetu wanastahili kulijua hilo.

Fedha ilipopungua, Johanngeorgenstadt ulianza kutafuta riziki nyingine. Moto wa Agosti 1867 uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Ulijengwa tena, reli ikafika mwaka 1883, na watu wakaingia katika ushonaji wa glavu za ngozi na utengenezaji wa samani. Ulikuwa mji wa kawaida wa milimani wenye watu elfu kadhaa.

Kisha ukaja mwaka 1945. Marekani ilikuwa imetengeneza bomu la atomiki, na sehemu kubwa ya urani yake ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Umoja wa Kisovieti haukuwa na chanzo kama hicho, ila sasa majeshi yake yalikuwa yameikalia Saksonia. Wanajiolojia wa Kisovieti walifika Erzgebirge na vifaa vya kupimia mionzi, na Johanngeorgenstadt ukawa miongoni mwa sehemu za kwanza kuchimbwa, mwaka 1946. Mwaka uliofuata kazi iliwekwa chini ya kampuni ya Kisovieti iliyoitwa Wismut, yaani bismuthi, jina lililoficha madini yaliyotafutwa hasa. Bomu la kwanza la Kisovieti lililipuliwa Agosti 1949, na urani ya milima hii ilikuwa sehemu muhimu ya malighafi ya mpango huo.

Mji uliokuwa na watu wapatao 6,500 ulijaa hadi zaidi ya 40,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wengi waliletwa kwa amri ya ofisi za kazi. Baadaye wengine walikuja wenyewe kwa sababu ya mshahara na mgawo mkubwa wa chakula katika nchi yenye njaa. Eneo liliwekewa ulinzi na vibali. Watu walilala kwa zamu katika vyumba vya wenyeji. Chini ya ardhi walitoboa mwamba mkavu bila maji, vumbi likijaa hewani, na uingizaji hewa ulikuwa duni.

Hapo ndipo kosa kubwa lilipo, na nalisema kwa uzito kwa sababu elimu ilikuwepo tayari. Urani ikioza huzaa radiamu, elementi nyingine yenye mionzi, na radiamu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Radoni nayo huoza upesi, na mabaki yake yenye mionzi hunata kwenye vumbi na kuingia mapafuni. Wachimbaji wa Schneeberg, mji jirani, walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa kifua kwa karne nyingi, na mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse walikwisha andika kwamba ugonjwa huo ni uvimbe wa mapafu. Miaka 67 baadaye vijana walishushwa katika mwamba uleule bila kinga. Kutoboa kwa maji na kupitisha hewa ya kutosha vilienea katikati ya miaka ya 1950, na hali ikawa nafuu. Waliotangulia hawakusaidika. Kabla na baada ya Ujerumani kuungana, maelfu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu waliofanya kazi Wismut walitambuliwa rasmi kuwa wameugua kutokana na kazi. Idadi yao imepita 7,000.

Mji nao haukusalimika. Uchimbaji ulifika karibu sana na uso wa ardhi, na serikali ikatangaza kwamba kitovu cha mji kinaweza kutitia. Kuanzia mwaka 1953 mji mkongwe ulibomolewa mtaa kwa mtaa. Kanisa na majengo machache yakaachwa. Wakazi walihamishiwa kwenye majengo mapya mlimani juu. Na kufikia mwaka 1958 urani yenyewe ilikwisha. Miaka 12 tu ilitosha. Wachimbaji walihamia migodi mingine, na idadi ya watu imekuwa ikishuka tangu hapo.

Sehemu inayonigusa zaidi kama mtaalamu ni ya sheria. Wismut iliendelea sehemu nyingine hadi mwisho wa 1990, ikiwa imetoa jumla ya tani 231,000 hivi za urani. Serikali ya shirikisho ilibeba jukumu la usafi, na gharama imepita euro bilioni 6. Lakini sheria ya 1991 ilihusu maeneo ambayo bado yalikuwa mikononi mwa Wismut tarehe 30 Juni 1990. Johanngeorgenstadt, uliofungwa zamani, uliachwa nje. Milima ya magwangala ilibaki karibu na nyumba, na mashimo ya zamani hayakuwa na mwenyewe. Ni mwaka 2003 ndipo serikali ya shirikisho na jimbo la Saksonia zilipokubaliana kuchangia gharama za maeneo haya yaliyosahauliwa: kuziba mashimo, kufunika magwangala kwa udongo, kukarabati njia za maji chini ya ardhi. Wakazi walisubiri miaka 45 tangu mgodi ufungwe.

Urani ya Mkuju River wilayani Namtumbo, Ruvuma, ni ya aina nyingine. Imo katika mawe ya mchanga ya tabaka za kale ziitwazo Karoo, haimo katika mishipa ya graniti, kwa hiyo mbinu za kuitoa na hatari zake hazifanani na zile za Erzgebirge. Huko jambo la kwanza kulindwa ni maji ya ardhini. Ila swali la nani analipa baada ya mgodi kufungwa, na kwa fedha iliyotengwa lini, ni lilelile, na wananchi wana haki ya kuliuliza katika kila mkutano wa tathmini ya mazingira kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Johanngeorgenstadt wa leo unaishi kwa wageni wa theluji na kwa kumbukumbu zake. Kuna mgodi wa maonyesho unaoitwa Glöckl, na tangu 2012 kuna tao la taa za Krismasi lenye upana wa mita 25, kwa sababu tao kongwe la chuma linalojulikana, la mwaka 1740, lilifuliwa na mhunzi wa mji huu kwa ajili ya wachimbaji. Radoni bado inatoka ardhini na kuingia majumbani kupitia nyufa za sakafu. Ujerumani imeweka kiwango cha rejea cha bekereli (kipimo cha mionzi) 300 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na tangu mwisho wa 2020 Saksonia imetenga maeneo, mengi yakiwa Erzgebirge, ambako mwajiri analazimika kupima sehemu za kazi zilizo chini ya ardhi na za ghorofa ya usawa wa ardhi kwa miezi 12. Kipimo ni kikopo kidogo cha plastiki kisichotumia umeme, kinachowekwa rafuni na baadaye kupelekwa maabara. Kiwango kikizidi, nyufa huzibwa, hewa hupitishwa zaidi, na ikibidi feni hufungwa chini ya sakafu ili gesi itolewe nje kabla haijaingia chumbani.