Siyo kila mstari wa venia ni 0.1 mm

Juzi shafti nyingine imeharibika, na kosa ni lile lile. Kijana anayejua fizikia yake vizuri alikuwa anakereza sehemu ya kukaa beringi 6204, inayotaka 20 mm. Akapima kwa venia, kifaa cha taya chenye skeli kuu juu na skeli ndogo inayoteleza chini yake (nayo huitwa venia): sifuri ya venia imepita 20 ya skeli kuu kidogo tu, na mstari wa nne ndio uliolingana na mstari wa juu. Akazidisha 4 kwa 0.01 cm, akapata 20.4 mm, akapunguza 0.4. Beringi ikaingia bila kugongwa, ikacheza. Kipimo cha kweli kilikuwa 20.08. Alibaki na 19.68, na chuma kikishatoka hakirudi.

Simlaumu. Shuleni aliambiwa venia ni 0.01 cm, akaishika kama amri. Jamani, inategemea venia uliyoshika! Ile ya shuleni ina nafasi 10 ndani ya 9 mm, kwa hiyo kila nafasi ni 0.9 mm, pungufu ya milimita kwa 0.1. Yangu ina nafasi 50 ndani ya 49 mm; kila nafasi ni 0.98, pungufu kwa 0.02. Huo upungufu ndio unaouzidisha, na ndiyo akili yote ya kifaa alichokieleza Pierre Vernier mwaka 1631. Mstari wa nne kwangu ni 0.08. Basi hesabu nafasi kabla hujagusa kazi. Na ukizidisha ukapata milimita nzima au zaidi, umekosea, rudia.

Namba zilizochongwa kwenye venia yangu, 1 hadi 9, ni sehemu za kumi za milimita, siyo hesabu ya mistari. Mistari miwili baada ya 3 ni 0.34. Namba ya skeli kuu iliyo juu ya mstari uliolingana achana nayo kabisa.

Sifuri: funga taya. Ikiwa sifuri ya venia imekaa kulia kwa sifuri ya skeli kuu, toa tofauti hiyo kwenye kipimo; ikikaa kushoto, ongeza.

Lakini kuna jambo vitabu hulipita haraka. Kwenye venia ya 0.02, mara nyingi naona mistari mitatu yote kama imelingana. Nachukua wa kati, nikitazama wima, na bado siwezi kuapa kama ni 0.06 au 0.08. Ndiyo maana sehemu ya beringi ikibakiza 0.2 mm kufikia kipimo, venia naiweka chini, nachukua maikromita, kifaa cha skrubu kinachopima kwa usahihi zaidi.