Homoni za kiume na uboho uliokauka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Binti ambaye uboho wake umeacha kutengeneza damu anapewa danazoli, dawa ya jamii ya homoni za kiume, kliniki ya damu. Akifika nyumbani, shangazi anakunjua karatasi iliyomo kwenye boksi, anasoma: nywele kuota usoni, sauti kuwa nzito. Dawa inaishia kabatini. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na linaniuma.

"Ni upungufu wa damu tu, anywe rozela na vidonge vya madini ya chuma."
Hapana. Uboho, ute ulio ndani ya mifupa, ndicho kiwanda cha damu, na kwenye ugonjwa huu kiwanda chenyewe kimesimama. Kipande cha uboho kutoka mfupa wa nyonga kikitazamwa kwa hadubini, mahali palipopaswa kujaa chembe changa panaonekana mafuta matupu. Ndiyo maana zinashuka chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu) kwa pamoja. Chuma hakijapungua. Tena anayeongezewa damu mara kwa mara hulimbikiza chuma kwenye ini na moyo, kwa hiyo vidonge hivyo vinaweza kumdhuru.

"Homoni ya kiume itamgeuza mwanamume."
Mwili wa kila mwanamke hutengeneza androjeni, yaani homoni za kiume, kwenye ovari na tezi za juu ya figo. Hata hivyo aliyoyasoma shangazi si uongo: chunusi, ndevu, hedhi kuvurugika. Mengi hupungua dozi ikishushwa. Sauti ndiyo ya kuangaliwa sana, maana ikishakuwa nzito huenda isirudi. Akianza kukwaruza koo na sauti kubadilika, amwambie daktari wiki hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Mjamzito hapewi, kwa sababu dawa hudhuru mtoto wa kike tumboni. Mtoto anayekua hufuatiliwa mifupa, isije ikaacha kurefuka kabla hajafikia kimo chake.

"Mwezi umepita, haifanyi kazi."
Uboho huamka polepole. Dawa huamuliwa kama inafanya kazi baada ya miezi 3 hadi 6, na wengi huacha katikati.

"Ni zilezile za gym, nitanunua mwenyewe."
Ni ukoo mmoja na dawa za kukuza misuli, kweli. Lakini oksimetholoni, androjeni nyingine ya vidonge, na ndugu zake huweza kuharibu ini, hata kuotesha uvimbe ndani yake. Mgonjwa hupimwa damu ya ini na kupigwa ultrasaundi kila baada ya muda. Muuza dawa za gym hatakupima.

"Ni dawa ya zamani, imepitwa na wakati."
Ya zamani ni kweli: Shahidi na Diamond wa Boston walichapisha matokeo ya testosteroni mwaka 1959 na 1961. Lakini mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani walitoa ripoti ya wagonjwa 27 waliopewa danazoli miligramu 800 kwa siku. Wagonjwa hao walizaliwa na kasoro ya telomea, yaani vifuniko vya ncha za kromosomu, ambavyo kwao huisha upesi. Watafiti walitaka tu kupunguza kasi ya kufupika; telomea zikarefuka. Kati ya 24 waliopimwa mwezi wa tatu, 19 damu yao ilikuwa imepata nafuu.

"Basi hakuna haja ya kupandikizwa."
Ipo. Ugonjwa ukiwa mkali, kinachotangulia ni uboho wa ndugu anayelingana naye, au dawa za kutuliza kinga ya mwili. Androjeni huwafaa zaidi wenye kasoro ya kurithi, kama Fanconi (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho), na wale ambao njia hizo hazikuwezekana. Na homa ya nyuzi 38 kwa mtu mwenye chembe nyeupe chache ni safari ya hospitali usiku uleule, hata kama vidonge anameza vizuri.