Televisheni bila malipo ya mwezi: kagua antena kwanza

Tangu Juni 2015, mitambo ya analojia ilipozimwa Kampala na viunga vyake, wengi wamebaki wakiamini kwamba televisheni ya dijitali lazima ilipiwe kila mwezi. Sivyo. UBC, NTV, NBS na Bukedde hurushwa bure kupitia minara ya Signet, kampuni inayosambaza mawimbi ya televisheni nchini Uganda, na antena ya UHF hununuliwa mara moja tu. Kweli, anayetaka kila mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza hatatosheka. Lakini kwa habari, tamthilia na vipindi vya watoto, hakuna sababu ya kupunguza pesa ya chakula kwa ajili ya kifurushi.

Soma kwanza maandishi yaliyo nyuma ya televisheni yako. Uganda inatumia mfumo wa DVB-T2. Ukiona DVB-T pekee, hiyo haitasoma. Na DVB-S2 ni ya dishi. Ikiwa T2 haipo, nunua king'amuzi cha T2 kisichohitaji kadi.

Kinachoangusha watu wengi ni antena na waya, wala si king'amuzi. Antena ya nje ina chuma kirefu nyuma na vyuma vifupi mbele: vile vifupi ndivyo vielekee mnara. Tazama antena za majirani wanaopata picha safi. Kama vyuma vyao vimelala, vyako pia vilale; vikiwa wima, simamisha vyako. Kosa hilo moja hupunguza mawimbi sana hata kama umeelekeza sawasawa. Kwenye mabonde ya Kabale na Kisoro, kilima kinaweza kuziba mnara kabisa, hivyo jaribu mlingoti mrefu zaidi au sehemu nyingine ya kiwanja kabla ya kulaumu antena.

Tumia waya ya RG6 ya omu 75, fupi kadiri iwezekanavyo: mita 20 hula karibu nusu ya nguvu ya mawimbi, na kigawanyio cha televisheni mbili hula karibu nusu ya kinachobaki. Unapofunga kichwa cha waya, shaba ya katikati itokeze milimita 2 au 3, na usiache hata uzi mmoja wa wavu wa nje uiguse. Uzi huo mwembamba kama unywele unatosha kuua chaneli zote. Funga kiungo cha juu kwa utepe wa mpira, kisha iache waya ining'inie kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke hapo. Shaba iliyogeuka kijani imeshaingiwa na maji. Kata kipande hicho.

Kama antena ina kikuza mawimbi, kinahitaji umeme, mara nyingi volti 5. Washa umeme wa antena kwenye menyu ya king'amuzi, au tumia adapta yake, kwa sababu kikuza kisicho na umeme huziba njia. Anayekaa karibu na mnara, kama walio jirani na kilima cha Kololo jijini Kampala, akiondoe kabisa: mawimbi yakizidi nguvu, picha huganda vilevile.

Sasa tafuta chaneli: chagua Antena, kisha utafutaji wa otomatiki. Menyu itaonyesha mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora. Zungusha antena kidogo, subiri sekunde 5, usome tena. Dijitali haina chenga kama zamani; ubora ukishuka, picha hukatika vipande vya mraba na sauti kukwama.

Wakazi wa Busia na Malaba wajaribu pia kuelekeza antena upande wa Kenya, maana huko nako wanatumia T2, na vipindi vya Kiswahili ni vingi.

Mlingoti uwe mbali na nyaya za umeme kuliko urefu wake wote, usije ukaziangukia. Mawingu ya mvua yakikusanyika, chomoa waya ya antena na plagi ya ukutani kabla radi haijaanza kunguruma; ikishaanza, usiguse waya hiyo.