Ugnostiki na alama za kipagani kwenye Ukristo: vinafanana kweli, ila vimetoka wapi?

Kila ikikaribia Krismasi kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mungu Horus wa Misri alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, alikuwa na wanafunzi 12, akasulubiwa akafufuka siku ya 3, Mithra, mungu mwingine wa kale, naye hivo hivo, kwa hiyo Yesu ni kopi. Wakristo wa kwenye grupu wanajibu kwa hasira kwamba Ukristo haujawahi kugusa chochote cha wapagani, na hapo mjadala unaishia kwenye matusi. Mi naona pande zote mbili zinarukia mwisho wa stori. Vitu vinavyofanana vipo, na vingine vinashangaza kweli, ila kuna kufanana kwa ndugu waliogombana, kuna kufanana kwa watu wanaoishi mji mmoja, na kuna kufanana kwa kutungwa na mtu mwenye kalamu na muda.

Tuanze na Ugnostiki maana ndo unaeleweka vibaya zaidi, wengi wanadhani ni dini ya kipagani iliyokuwepo kabla ya Ukristo. Jina linatokana na neno la Kigiriki gnosis, maarifa, ila sio maarifa ya darasani, ni kule kujua wewe ni nani, umetoka wapi na unarudi wapi. Hakukuwa na kanisa moja la Kignostiki, zilikuwa shule nyingi zenye walimu tofauti hasa karne ya 2 na ya 3 BK, ila stori yao kubwa kwa kifupi iko hivi: Mungu wa kweli yuko juu kabisa hafikiki, kutoka kwake zikatoka nguvu za kimungu zinazojaza kile walichoita Utimilifu, mmoja wa hao anaitwa Sophia, yaani Hekima, akafanya jambo bila ridhaa akazaa kiumbe chenye kasoro, Yaldabaothi, na huyu ndo akaumba ulimwengu huu wa udongo na maumivu alafu akajitapa kwamba yeye ni Mungu na hakuna mwingine. Umeona hapo? Hiyo ni kauli ya Mungu wa Agano la Kale, wao wanaiweka mdomoni mwa mungu mdogo asiyejua kuna wakubwa juu yake. Ndani ya binadamu, au baadhi yao, kuna cheche ya ule ulimwengu wa juu imefungwa kwenye mwili, na Kristo anakuja kuiamsha. Kwa hiyo tatizo la mtu sio dhambi, ni usingizi.

Wazo la fundi anayeunda ulimwengu lilishakuwepo kwa Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwenye kitabu chake Timaeus, miaka zaidi ya 300 kabla ya Kristo, ila fundi wa Plato ni mwema. Wagnostiki walimchukua wakamgeuza, wakachanganya na Mwanzo ya Musa na habari za Yesu. Ni mchanganyiko wa watu waliosoma hivo vyote, na wengi wao walijiona Wakristo kabisa, tena Wakristo walioelewa kuliko wengine. Valentinus, mmoja wa walimu wao wakubwa, alifundisha Roma katikati ya karne ya 2 na Tertullian, mwandishi Mkristo aliyewapinga, anasema alitegemea kuwa askofu akakosa. Irenaeus, askofu wa Lyon, ilipofika kama mwaka 180 alikuwa ameandika vitabu vitano kuwapinga, na huwezi kuandika vitabu vitano kupinga watu walio mbali na wewe, unaandika hivo kwa sababu wako ndani ya nyumba wanawachukua waumini wako.

Ndo maana ukisoma Agano Jipya unakuta harufu hiyo hiyo pande zote mbili. Timotheo anaonywa ajiepushe na "elimu iitwayo elimu kwa uongo", na hapo neno ni gnosis ileile. Waraka wa kwanza wa Yohana unasema roho ya kweli ni ile inayokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili, kwa nini aseme hivo kama hakukuwa na watu wanaosema mwili ule ulikuwa kivuli tu? Na Wakolosai wanaambiwa utimilifu wote wa Uungu unakaa ndani ya Kristo "kwa jinsi ya kimwili". Utimilifu ni neno ambalo baadaye wafuasi wa Valentinus walilijengea ghorofa nzima. Nani kamuiga nani hapo? Hakuna, ni watu wanaogombania msamiati mmoja.

Kwa karne nyingi tuliwajua hawa kupitia maadui zao tu. Alafu mwaka 1945 karibu na mji wa Nag Hammadi, Misri ya juu, wakulima waliokuwa wanachimba udongo wa mbolea wakakuta mtungi wenye vitabu vya mafunjo vilivyojalidiwa kwa ngozi, 13, kwa lugha ya Kikopti, vya karne ya 4. Humo imo Injili ya Tomaso yenye misemo 114 ya Yesu, haina simulizi la kusulubiwa wala ufufuko, sehemu kubwa ya misemo yake ina ndugu zake kwenye Mathayo, Marko na Luka. Kimo kitabu kinachomsifu nyoka wa Edeni na kuuliza ni Mungu gani huyu anayemwonea mtu wivu asile tunda la maarifa. Na kimo, usicheke, kipande cha kitabu cha Plato, Jamhuri, kimetafsiriwa vibaya mno, pamoja na maandishi ya Hermes, mwalimu wa hekima wa hadithini, ambayo sio ya Kikristo kabisa. Huenda hiyo ndo ilikuwa rafu ya vitabu ya msomaji mmoja au wachache wa enzi hizo, kila kitu pamoja.

Kuna moja inawagusa sana wasomaji wa huku kwetu wanaofuatilia mihadhara ya Waislamu na Wakristo. Irenaeus anasema mwalimu mmoja wa Alexandria, Basilides, alifundisha kwamba aliyesulubiwa ni Simoni wa Kirene aliyegeuzwa sura, Yesu kasimama pembeni anawacheka. Watu wakisikia hivyo haraka wanakumbuka aya ya Suratun-Nisaa inayosema hawakumsulubu bali walifananishiwa. Mmoja atasema unaona Kurani imechukua kwa Wagnostiki, mwingine atasema unaona ukweli ulikuwepo tangu mwanzo. Lakini Basilides alikataa msalaba kwa sababu aliudharau mwili, na Uislamu haudharau mwili wala haumwoni Muumba kama mungu mdogo. Jibu linakaribiana, swali lililolizaa ni lingine kabisa.

Sasa upagani. Hapa cha kwanza kujua ni kwamba Wakristo wa mwanzo wenyewe waliona kufanana na walikusema waziwazi. Justin Martyr, mwandishi Mkristo, kama mwaka 150, anamwandikia kaisari kwamba tukisema Neno alizaliwa, akafa, akapaa mbinguni hatusemi jambo geni kuliko mnayosema ninyi kuhusu wana wa Zeus. Alafu huyohuyo akifika kwenye ibada za Mithra, zenye mkate na kikombe cha maji, anasema mapepo ndo yaliiga meza ya Bwana. Maelezo ya mapepo yaache, ila ushahidi ni mzuri, jamaa anaishi hapo hapo na anaona.

Huyu Mithra, Waajemi walikuwa na mungu wa jina hilo zamani sana, lakini ile dini ya Kirumi yenye vyumba vya chini ya ardhi, ambayo mahekalu yake yamechimbuliwa kuanzia London hadi Syria, inaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 1 BK, Ukristo upo tayari. Na Mithra hakuzaliwa na bikira, alitoka kwenye mwamba akiwa kijana mzima ameshika kisu na mwenge. Horus naye, mama yake Isis alimpata kwa Osiris mumewe aliyekuwa amekufa akakatwa vipande akaunganishwa tena, stori nzito kweli lakini bikira humo hayumo, wala wanafunzi 12, wala msalaba.

25 Desemba ina mgogoro wa kweli. Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa Roma mwaka 274, na kalenda moja ya Roma ya mwaka 354 inaonyesha tarehe hiyo kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, na mashindano 30 ya magari ya farasi. Ila ndani ya mkusanyiko uleule wa 354 kuna orodha nyingine inayosema Kristo alizaliwa Bethlehemu siku hiyo. Wataalamu wengine wanasema Kanisa lilichukua sikukuu ya jua, wengine wanasema Wakristo walishapiga hesabu yao, kwamba Yesu alikufa 25 Machi na mimba yake ilitungwa tarehe hiyohiyo, ongeza miezi 9 unafika 25 Desemba. Mi naegemea kwamba vyote viwili vilisaidiana, sababu jua lilikuwa na mvuto hata kwa waumini: karne ya 5 Papa Leo Mkuu aliwakemea Wakristo wa Roma ambao wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro wanageuka nyuma kwanza kuliinamia jua linalochomoza. Pasaka je, kwamba ni ya Ishtar, mungu wa kike wa Babeli? Hapana, ni Pasaka ya Wayahudi, Wakristo wa Asia Ndogo karne ya 2 walikuwa wanaifanya tarehe 14 ya mwezi Nisani wa Kiyahudi kabisa, na wakagombana na Roma kwa hilo.

Kwenye picha ndo kukopa kuko wazi na sioni haja ya kukataa. Kijana aliyebeba kondoo mabegani kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma alishachongwa na Wagiriki karne nyingi kabla, akiwa mungu wao Hermes. Chini ya kanisa la Mtakatifu Petro kuna kaburi lenye mozaiki ya mtu juu ya gari la farasi mwenye miale kichwani, mungu jua kwa umbo, na wengi wanamsoma kuwa ni Kristo. Duara la mwanga kichwani lilikuwa la miungu na makaisari. Mchoraji alitumia alichokuwa nacho. Bwana harusi wa Buganda anavaa kanzu iliyoletwa na wafanyabiashara Waarabu, na hakuna anayesema harusi yake ya kanisani ni ya Kiislamu.

Tukio ninalolipenda kuliko yote ni la Alexandria, mwaka 391 hivi, hekalu la mungu Serapis lilipobomolewa. Mwanahistoria Socrates, sio yule mwanafalsafa, anasimulia kwamba kwenye mawe zilikutwa alama zenye umbo la msalaba, bila shaka ni ile ankh, alama ya uhai ya Misri. Wakristo wakasema hii ni ya Kristo, wapagani wakasema ni kitu ambacho Kristo na Serapis wanashirikiana, mpaka waongofu waliojua kusoma maandishi yale ya kale wakasema maana yake ni uzima ujao, na Wakristo wakafurahi sana. Baada ya hapo Wakopti waliitumia ankh kama msalaba wao bila aibu. Mabishano ya WhatsApp, miaka 1600 na zaidi kabla ya WhatsApp.

Na Kanisa lilishafanya hivyo kwa makusudi pia, Papa Gregory mwaka 601 aliwaandikia wamisionari wa Uingereza kwamba mahekalu yasibomolewe, sanamu zivunjwe, maji ya baraka yanyunyizwe, watu waendelee kuja walipozoea kuja.

Sasa zile orodha zinazosema sikukuu za Kikristo zimetoka Babeli kwa Ishtar sehemu kubwa zinatoka kwa mchungaji wa Kiprotestanti wa Scotland, Alexander Hislop, karne ya 19, aliyetaka kuthibitisha kwamba Ukatoliki ni Babeli tu iliyobadilishwa nguo. Zile za Horus zinatoka zaidi kwa Gerald Massey, Mwingereza wa karne hiyohiyo. Cha kuchekesha ni kwamba leo hoja za mchungaji huyo zinatumiwa na wasioamini Mungu kabisa kuubomoa Ukristo wote, pamoja na Uprotestanti aliokuwa anautetea.