Hofu Inayobaki Baada ya Kuacha Kundi la Dini Lenye Masharti Makali

Aprili 2023, waumini wa kundi la mhubiri Paul Mackenzie, wanaodaiwa kuagizwa wafunge hadi kufa, walipoanza kuokolewa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako baadaye ilifukuliwa miili zaidi ya 400, baadhi ya waliokutwa hai walikataa chakula na maji waliyopewa. Mwezi Juni, 65 kati ya waliookolewa walifikishwa katika Mahakama ya Shanzu, Mombasa, kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa kuwa walikuwa wakiendelea kugoma kula. Kwa maoni yangu, walihitaji mtaalamu wa afya ya akili kabla ya hakimu, maana walikuwa wametoka msituni ilhali nafsi zao bado zilitii amri za huko.

Hali hiyo, kwa kiwango kidogo, huwapata wengi wanaoacha makundi ya namna hii. Mtu aliyefundishwa kwa miaka mingi kwamba hospitali ni dhambi anaweza kuyakataa mafundisho hayo kabisa, lakini siku anapompeleka mtoto kupata chanjo, viganja vinalowa jasho, moyo unakwenda mbio, na kwa dakika chache anaamini kwamba adhabu inakuja. Hofu hiyo si ushahidi kwamba kundi lilisema kweli. Ni mazoea yaliyojengeka mwilini, nayo hupungua kadiri anavyolirudia jambo lililokatazwa na kuona kwamba hakuna baya lililompata. Tunashauri pia aandike kila tishio linalomjia, nani alilitamka, na huyo aliyelitamka alifaidika nini kwa kutiiwa.

Kuamua ni kugumu zaidi. Aliyezoea kuomba ruhusa ya kusafiri, kuoa, hata kuvaa, hukwama mbele ya jambo dogo, na mara nyingi hutafuta kiongozi mwingine wa kumwamulia. Hapo ndugu wenye nia njema huharibu: mjomba anamchagulia kazi, shangazi anamtafutia kanisa jipya. Mwulizeni kama anataka chai au uji, kisha msubiri jibu hata likichelewa. Msimcheke, wala msishindane naye kwa aya za maandiko. Kusali au kutosali ni uamuzi wake.

Anayekataa chakula au kuzungumzia kufa asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Familia za Kenya zisimfiche kwa kuogopa polisi, kwani Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Wahudumu waelezwe wazi ametoka katika kundi gani na alikatazwa nini, wasije wakaidhania hofu yake kuwa ukaidi.