Unasihi wa Mtandaoni na Nasaha za Kutumiana

Kwa mara nyingine nimesoma tangazo linalowaalika wazazi wenye msongo wa mawazo wajiunge na "unasihi wa mtandaoni", na nilipofuatilia nikakuta ni kundi la simu ambamo mtu mmoja huwatumia watu mia kadhaa vidokezo vya malezi kila asubuhi. Vidokezo vyenyewe havina ubaya. Kinachoniuma ni kwamba mzazi aliyeelemewa akivisoma na asipate nafuu, ataamini kuwa amekwisha kuujaribu unasihi na haukumfaa.

Unasihi wa mtandaoni ni mazungumzo ya siri, yenye miadi na lengo, kati ya mnasihi aliyesomea kazi hiyo na mtu au familia iliyolemewa, yanayofanyika kwa video, kwa sauti au kwa maandishi. Neno "mtandaoni" linataja njia tu. Kazi yenyewe imo katika "unasihi".

Ninakiri kwamba lugha yetu imechangia mkanganyiko huu. Tunasema "ushauri nasaha" kwa pumzi moja, na shuleni tuna "ushauri na unasihi", hata maneno hayo yakaonekana mapacha. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. "Shauri" ni la mzizi mmoja na "shura", baraza la watu kushauriana, na katika Kiarabu cha kale kitenzi cha mzizi huo kilitumika pia kwa kurina asali. "Nasaha", ndugu wa "unasihi", ni ya mzizi unaobeba usafi wa nia, ule ule tunaousikia katika "toba ya nasuha", yaani toba isiyo na hila. Asali safi iliitwa kwa neno la mzizi huo, na kushona nguo vilevile. Asili ya neno haiamui matumizi yake ya leo, lakini hili la kushona halinitoki akilini, kwa sababu fundi hashoni nguo ambayo hajaishika mkononi, akaigeuza nje ndani na kuona mshono ulipoachia.

Tuseme mama ameandika usiku: "Leo nimemfokea mwanangu mpaka akatetemeka." Kundini atapata pole nyingi, dua, na mtu wa kumwambia ahesabu hadi kumi. Mnasihi atamuuliza ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, na yeye mwenyewe alikuwa amekula na kulala saa ngapi tangu jana. Kisha atasubiri jibu, na wiki ijayo atalikumbuka. Iwapo ni familia nzima inayonasihiwa kwa video, mnasihi makini atamwona hata baba aliyekaa pembeni nje ya picha, naye atamkaribisha kwa upole asogee, kwa kuwa ukimya wake nao ni sehemu ya mazungumzo.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1942, aliupinga mtindo wa mnasihi kumwelekeza mtu la kufanya, akataka asikilizwe mpaka aielewe hali yake mwenyewe. Si wanasihi wote wanaomfuata hadi mwisho, na wapo wanaotoa mazoezi na maelekezo ya wazi. Hata hao, hata hivyo, huyatoa baada ya kumjua mtu, kwa kipimo chake, na chini ya wajibu wa kazi yao wa kutunza siri. Kundi la watu mia kadhaa haliwezi kutunza siri, hata wenyewe wakiwa na nia njema kiasi gani, kwa kuwa picha moja ya ujumbe inatosha kuifikisha aibu ya nyumba ya mtu mahali asipopajua.

Basi, ndugu yangu unayeliendesha kundi la aina hiyo, usilifunge. Liite vidokezo vya malezi, au ushauri kwa wazazi, nalo litakuwa limeitwa kwa jina lake. Na siku mzazi atakapokuandikia pembeni kwamba hii ni wiki ya tatu hapati usingizi na anaiogopa hasira yake mwenyewe, usimtafutie kidokezo kingine. Mwambie kuna mnasihi, na umsaidie kupata miadi.